Kumwona chui milia porini: uende Ranthambore, Kanha, Sundarbans au Bardia?

Kila mwaka maelfu ya Watanzania, Wakenya na Waganda huenda India. Kuna wanaosindikiza wagonjwa Chennai na Delhi, wanaosoma Pune na Bengaluru, na wanaofuata mizigo Mumbai. Wengi hurudi nyumbani bila kumwona mnyama ambaye dunia nzima imebakiwa na maelfu machache tu ya aina yake. Makala haya ni ya yule ambaye ratiba yake imemwachia siku chache, ana akiba kidogo, na hajui aelekee wapi. Nimelinganisha hifadhi nne: tatu za India na moja ya Nepal.

Swali la kwanza la kila mtu ni hili: wapi nitamwona kwa uhakika? Ni swali halali na nitalijibu. Lakini kuna la pili ambalo kwangu lina uzito zaidi: hapo unapokwenda, nani amegharamia uhai wa mnyama huyo? Asia Kusini imejaa watu. Chui milia unayempiga picha amekaa kwenye ardhi iliyokuwa kijiji, au kando ya mto ambao mvuvi huuingia akiomba dua, au karibu na zizi lililopoteza ng'ombe wiki iliyopita. Hifadhi hizi nne zimelijibu swali hilo kwa njia nne tofauti, na nadhani hapo ndipo pa kuanzia kuchagua.

Tulikotoka

Mwanzoni mwa karne ya 20 inakadiriwa kulikuwa na chui milia wapatao 100,000, kuanzia Uturuki na Iran hadi Siberia na visiwa vya Indonesia. Wa Bali, wa Java na wa ukanda wa Bahari ya Kaspi wametoweka kabisa. India, ambako wafalme na maofisa wa kikoloni waliwinda kwa fahari, ilihesabu chui milia 1,827 tu mwaka 1972. Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Wanyamapori, na tarehe 1 Aprili 1973 serikali ya Indira Gandhi ikazindua Mradi wa Chui Milia kwa hifadhi tisa. Ranthambore, Kanha na Sundarbans zilikuwa miongoni mwa hizo tisa.

Mafanikio hayakuja kwa mstari ulionyooka. Kwa miaka mingi maofisa walihesabu kwa nyayo: wanamwaga plasta kwenye alama ya mguu, wanachora umbo lake juu ya kioo, kisha wanadai kila umbo ni mnyama wake. Vitabu vilionyesha ongezeko. Halafu mwaka 2005 ikabainika kwamba hifadhi ya Sariska, saa chache tu kutoka Delhi, haikuwa na chui milia hata mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza, na nyayo za kwenye makaratasi ziliendelea kuzaana. Hesabu mpya ya mwaka 2006, iliyotumia kamera za kutega, ilipata 1,411 India nzima. Kamera haidanganyiki kirahisi, kwa sababu milia ya ubavuni hutofautiana kwa kila mnyama kama alama za vidole. Kwa njia hiyo, hesabu ya 2022 ilikadiria 3,682. Nepal nayo ilipanda kutoka 121 mwaka 2009 hadi 355 mwaka 2022. Karibu robo tatu ya chui milia wote wa porini duniani sasa wako India, kwa hiyo anayetaka kumwona ana kila sababu ya kuanzia huko.

Ranthambore: nafasi kubwa, msongamano mkubwa

Kama una siku mbili na uko Delhi, jibu ni fupi: panda treni hadi Sawai Madhopur, mkoa wa Rajasthan, mwendo wa saa nne hadi sita. Ranthambore ni msitu mkavu wenye miti inayopukutisha majani, maziwa madogo, na ngome ya kale juu ya jabali ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2013. Majani yakishapukutika na maji yakabaki kwenye maziwa machache, wanyama hawana pa kujificha. Chui milia wa hapa wamezoea magari vizazi kwa vizazi na hutembea mchana kweupe.

Palikuwa mahali pa kuwindia wa wafalme wa Jaipur. Januari 1961 mume wa Malkia Elizabeth, Philip, alipiga risasi chui milia hapahapa wakiwa wageni wa mfalme wa Jaipur. Miaka 12 baadaye ukaanza Mradi wa Chui Milia, na kazi ngumu ikamwangukia ofisa Fateh Singh Rathore, aliyevihamisha vijiji zaidi ya kumi kutoka ndani ya msitu. Wapo walioondoka wakilia. Mwaka 1981 wanakijiji walimvizia wakampiga hadi kumvunja mifupa. Alipona, akarudi kazini, na baadaye akajihusisha na shughuli za elimu na afya kwa watu wa vijiji vya pembeni. Alifariki mwaka 2011. Ukimpiga picha chui milia kandokando ya ziwa Rajbagh, unapiga picha matokeo ya mambo hayo yote mawili, ukaidi wa yule bwana na hasira za wale wanakijiji.

Hapa ndipo alipoishi pia Machli, jike aliyetawala maziwa hayo kwa miaka mingi, akapigana na mamba mbele ya kamera, na kufa Agosti 2016 akiwa na umri wa karibu miaka 20, ambao ni mkubwa mno kwa mnyama wa porini. Na Sariska ilipohitaji kuanza upya mwaka 2008, chui milia wa kupeleka huko walitoka Ranthambore, wamebebwa kwa helikopta.

Ubaya wake? Watu. Utaingia kwa gari dogo la abiria sita, au kwa kanta, lori la wazi la viti 20. Akionekana mmoja, magari yote ya eneo hilo hukimbilia hapo, injini zinaunguruma na watu wanasimama juu ya viti. Waliowahi kuona magari yakimzunguka duma Masai Mara wanajua ninachosema. Kuna jambo jingine zito zaidi. Ndani ya ngome kuna hekalu la Ganesh, na waumini hupanda huko kwa miguu, familia nzima na watoto, katikati ya makazi ya chui milia. Aprili 2025 mtoto wa miaka saba aliuawa kwenye njia hiyo, na mwezi uliofuata akauawa askari wa wanyamapori. Kabla ya hapo, mwaka 2015, dume maarufu aliyeitwa Ustad aliondolewa porini na kufungiwa Udaipur baada ya kuua mlinzi wa msitu. Watu waliandamana, wengine wakimtetea mnyama na wengine wakimtetea marehemu. Mimi nadhani uamuzi ulikuwa sahihi. Chui milia aliyezoea kumwona binadamu kama nyama hawezi kuachwa kwenye njia ya mahujaji, hata awe anapendwa kiasi gani.

Ukienda, omba kanda ya 1 hadi ya 5, na uchague gari dogo badala ya kanta. Kanda hizo hufungwa kuanzia Julai hadi mwisho wa Septemba kwa sababu ya mvua.

Kanha: hii ndiyo ningemshauri ndugu yangu

Kanha iko katikati ya India, mkoa wa Madhya Pradesh. Unatua Jabalpur, Raipur au Nagpur, kisha unasafiri kwa gari saa nne hadi sita. Ni mbali, na umbali huo ndio unaowapunguza watu. Eneo lake la ndani ni kilomita za mraba 940 za misitu ya miti ya sal, mianzi, na nyanda za nyasi ambazo asubuhi ya Januari hufunikwa na ukungu. Vaa sweta na kofia nzito, kwani gari ni la wazi na baridi ya saa 12 asubuhi huko haina mzaha.

Uwezekano wa kumwona chui milia ni mzuri, ila mdogo kuliko Ranthambore. Kinachonifanya niiweke juu ni namna anavyotafutwa. Kiongozi husimamisha gari, anazima injini, anakaa kimya. Mnasikiliza. Kima wa kijivu mwenye uso mweusi, yuko juu ya mti, anakohoa mara moja, kisha tena. Kulungu wa madoadoa anapiga mlio mkali kama filimbi, mkia juu, mguu wa mbele unagonga ardhi, na uso wote umeelekea upande mmoja wa kichaka. Mlio wa kulungu peke yake huweza kuwa wasiwasi tu. Sambar, yule kulungu mkubwa wa rangi ya kahawia, akianza naye kulia, kiongozi anawasha gari, maana sambar hapigi kelele bure. Hata usipomwona chui milia siku hiyo, umejifunza kuusoma msitu, na hilo halipatikani kwenye msururu wa magari.

Kanha ina deni la kisayansi na Tanzania, au Tanzania ina deni na Kanha. Mtafiti George Schaller alikaa hapa kati ya 1963 na 1965 akimfuatilia chui milia na mawindo yake. Hakuna aliyewahi kumchunguza mnyama huyo porini kwa kina namna hiyo kabla yake. Kutoka hapo akahamia Serengeti mwaka 1966 kufanya kazi ileile kwa simba. Mengi tunayofundishwa kuhusu simba wa Seronera yalifanyiwa mazoezi kwanza kwenye nyasi za Kanha.

Kwenye nyasi hizohizo utamwona barasinga, kulungu wa pembe zenye matawi mengi ambaye jamii yake ya nchi kavu ilibaki na wanyama 66 tu mwaka 1970, wote hapa. Walijengewa uzio wa kuzalia, nyasi zikalindwa, na leo wapo kwa mamia mengi, wengine wakiwa wamepelekwa hifadhi jirani. Binafsi, barasinga peke yake angetosha kunifikisha Kanha.

Lakini nyasi zile zilitoka wapi? Baadhi yake zilikuwa vijiji na mashamba. Wabaiga na Wagondi waliishi ndani ya msitu huu, na walianza kuhamishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Wabaiga walilima kwa kuhamahama na walikataa jembe la kukokotwa kwa imani kwamba linamchana Mama Ardhi kifua. Sheria ya Haki za Misitu ya mwaka 2006 inataka mtu aridhie kabla ya kuhamishwa, na fidia ikapangwa kuwa rupia milioni moja kwa kila familia, lakini malalamiko hayajaisha: wapo waliosema ridhaa yao ilipatikana kwa kushinikizwa, na fedha zikawaishia kabla hawajapata shamba jipya. Msomaji wa Ngorongoro au Loliondo hahitaji kuelezwa zaidi.

Ndiyo maana nakuomba ukifika Kanha ulale kwenye nyumba ya wageni inayoajiri watu wa vijiji vya pembeni, na umchukue kiongozi wa Kibaiga au Kigondi kama yupo. Wapo wengi, na wanaujua msitu kwa sababu ulikuwa wao. Lango la Mukki, upande wa kusini, huwa na utulivu kuliko Kisli. Kumbuka hakuna safari Jumatano alasiri, na hifadhi hufungwa kwa mvua kuanzia Julai hadi Septemba.

Sundarbans: usiende kumwona, nenda kuelewa

Hapa niseme wazi mapema. Unaweza kukaa Sundarbans siku nne ukarudi na picha za matope tu. Watu wengi hurudi hivyo. Hata hivyo kwa msomaji wa Pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, sidhani kama kuna hifadhi ya chui milia itakayomgusa kama hii.

Sundarbans ni msitu wa mikoko wenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 10,000 kwenye mdomo wa Ganga na Brahmaputra, sehemu kubwa ikiwa Bangladesh na iliyobaki India. Mti wa sundari ni ndugu wa msikundazi wetu wa delta ya Rufiji. Kuna mnazi-mwitu mdogo uitwao hental, wa jamii ya mkindu, na ndani ya makuti yake ya manjano na kivuli chui milia hupotea kabisa, kwa kuwa milia yake imefanana nayo. Hakuna barabara. Unapanda boti Godkhali, saa tatu au nne kutoka Kolkata, na kuanzia hapo maisha yote yanakwenda kwa maji kujaa na kupwa. Maji yakipwa, ukingo wa tope unabaki mtupu, na hapo ndipo unapozisoma habari za usiku: nyayo kubwa za mviringo zinashuka upande huu wa mto, zinaishia majini, na ng'ambo zinaanza tena. Chui milia wa hapa huogelea mikono ya bahari bila shida.

Pia ndiye chui milia anayejulikana zaidi kwa kushambulia watu. Wasafiri wa karne ya 17 tayari waliandika kuhusu watu kunyakuliwa kutoka kwenye mashua zilizotia nanga usiku. Wanaokufa ni walewale kila mara: wavuvi wa kaa na samaki kwenye vijito vyembamba, wakata kuni, na warina asali wanaoingia msituni Aprili na Mei. Mrina asali anatembea ameinua macho akifuata nyuki, mkononi ana mwenge wa majani ya hental wa kufukizia, miguu yake iko kati ya mizizi iliyochomoza kama misumari. Chui milia huja kwa nyuma, shingoni. Mwaka 1986 maofisa wa India waliwapa watu vinyago vya sura ya binadamu wavae kisogoni, ili mnyama adhani anatazamwa. Kwa muda vilisaidia sana. Baadaye nguvu yake ikapungua. Kilichodumu zaidi ni nyavu za nailoni zilizotandazwa kwenye ukingo wa msitu unaotazama vijiji, na upande wa India zimepunguza sana chui milia kuvuka kuingia majumbani.

Kinga ya zamani kuliko zote ni Bonbibi, bibi wa msitu. Kwa simulizi za huko, alikuwa binti wa mcha Mungu kutoka Makka, aliyetumwa kwenye nchi ya maji yanayojaa na kupwa kumdhibiti Dokkhin Rai, pepo anayejigeuza chui milia. Mfanyabiashara mmoja wa asali alimtoa kafara mtoto maskini, Dukhe, ili apewe shehena ya asali na nta. Dukhe akamwita Bonbibi, akaokolewa. Tangu hapo, wanasema, msitu una sharti: ingia kwa moyo safi na mikono mitupu, chukua mahitaji yako tu. Kabla ya kuingia msituni, Mhindu na Mwislamu husimama mbele ya kibanda kimoja kumwomba yeye mmoja. Omba upelekwe kwenye kibanda kama hicho, na uvue viatu.

Upande wa pili wa simulizi hiyo hauna uzuri wowote. Wanawake ambao waume zao wameuawa huitwa wala-waume, kana kwamba wao ndio waliosababisha. Wengine hufukuzwa na wakwe. Mume akiwa alikufa ndani ya eneo lililokatazwa, familia mara nyingi haitoi taarifa kwa kuogopa faini, basi hakuna hata kile ambacho sisi Tanzania tungekiita kifuta machozi. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Calcutta iliamuru mjane alipwe fidia hata kama mumewe alifia eneo la ndani, na hilo ni jambo kubwa. Na wazee wa huko hawajasahau kisiwa cha Marichjhapi, ambako mwaka 1979 wakimbizi waliokuwa wamejenga makazi yao waliondolewa kwa nguvu na polisi, kwa sababu zilizotajwa kuwa za kulinda msitu. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Ukisikia mtu wa Sundarbans akisema serikali inampenda chui milia kuliko yeye, anazungumza kutoka hapo.

Nakushauri ulale kwenye nyumba ya wenyeji, Dayapur au Pakhiralay, badala ya kwenye boti la kampuni kutoka mjini. Desemba hadi Februari ni miezi mizuri. Tafuta vikundi vya wajane vinavyouza asali ya mizinga, kwani asali ya mizinga humfanya mtu apate kipato bila kuingia msituni. Na ukitaka kweli kumwona mnyama, kaa muda mrefu kwenye minara ya Sudhanyakhali na Dobanki maji yakiwa yanapwa. Bila ahadi.

Bardia: kwa miguu

India hairuhusu mgeni kushuka garini kwenye misitu hii. Nepal inaruhusu. Hifadhi ya Bardia iko magharibi ya mbali ya Nepal, kwenye mto Karnali. Unaruka kutoka Kathmandu hadi Nepalgunj na kuendelea kwa gari. Unatembea na viongozi wasiopungua wawili wenye fimbo tu mkononi, mnakaa kwenye ukingo wa mto kwa saa nyingi, mnasubiri. Hapo ulipokaa wanaweza kupita tembo na kifaru vilevile. Mwenye moyo mwepesi asiende. Mwenye subira, hasa kati ya Februari na Mei nyasi zikiwa zimepungua, ana nafasi nzuri sana.

Mwaka 2009 Bardia ilikuwa na chui milia 18. Mwaka 2022 ilikuwa na 125. Siri yake ni jeshi linalolinda hifadhi, na sheria inayorudisha asilimia 30 hadi 50 ya mapato ya hifadhi kwa vijiji vya pembeni, wengi wao Watharu. Wanavijiji wenyewe waliotesha upya ukanda wa msitu wa Khata unaoiunganisha Bardia na India, na sasa wanyama wanautumia.

Lakini ongezeko la namna hiyo lina bei. Mashambulizi yaliongezeka kwa wakata nyasi na wachungaji, na Juni 2022, wananchi wa Bardia walipoandamana wakidai ulinzi, msichana mmoja alipigwa risasi na vyombo vya usalama akafa. Mwishoni mwa 2024 Waziri Mkuu KP Sharma Oli alisema nchi yake ingetosheka na chui milia 150. Simuungi mkono, ila naelewa nani alikuwa akizungumza naye. Sisi wenyewe tuna hesabu zetu: watafiti waliochapisha mwaka 2005 walipata kwamba simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 tangu 1990, wengi wao kusini, wakiwemo waliolala kwenye dungu kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori. Anayelinda mazao usiku Lindi na anayekata nyasi Bardia wangeelewana bila mkalimani.

Magharibi ya Nepal pia ndiko alikotokea jike wa Champawat, anayehesabiwa kuua watu 436 Nepal na India kabla ya Jim Corbett kumpiga risasi mwaka 1907. Corbett alimfungua mdomo akakuta meno yake ya upande wa kulia, la juu na la chini, yamevunjika kwa risasi ya zamani. Hakuweza tena kuua mawindo yake ya kawaida. Ni somo ambalo bado linatumika: ukisikia kuna mla watu, uliza kwanza amejeruhiwa vipi, au ni nani aliyemnyang'anya kulungu wake. Corbett alihamia Nyeri, Kenya, mwaka 1947, akafariki huko mwaka 1955 na kuzikwa kwenye makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Aliye Kenya anaweza kuanzia hapo kabla hata ya kukata tiketi.

Basi uchague ipi?

Uko Delhi na mgonjwa, una siku mbili, na pengine hutarudi India tena: Ranthambore. Ukikosa vibali, jaribu hifadhi ya Corbett huko Uttarakhand, yenye chui milia 260 kwa hesabu ya 2022, wengi kuliko hifadhi yoyote ya India, ingawa nyasi ndefu huwaficha.

Una siku tano au zaidi na unataka safari moja nzuri: Kanha, siyo kwingine. Weka safari nne za asubuhi na alasiri, si mbili. Chini ya hapo unacheza bahati nasibu.

Unasoma Bengaluru au Mysuru: usisafiri nchi nzima. Nagarahole iko jirani, na ndiko mtafiti Ullas Karanth alikoanza kutumia kamera za kutega kuhesabu chui milia.

Umezaliwa kando ya mikoko, au kazi yako inahusu misitu, uvuvi au migogoro ya watu na wanyama: Sundarbans, hata kama ni siku tatu. Na kama umeshawahi kutembea porini kwa miguu na hutaki gari tena, Bardia. Hakikisha tu viza yako ya India inakuruhusu kuingia zaidi ya mara moja, usije ukakwama Kathmandu.

Kuna chaguo moja ambalo naomba uliondoe kabisa kwenye orodha: vituo vya kupiga picha na watoto wa chui milia, hasa Thailand. Mwaka 2016 serikali ya huko iliondoa chui milia 137 kwenye hekalu moja la Kanchanaburi na kukuta maiti za watoto 40 kwenye friza. Mnyama anayezalishwa hivyo harudi porini, na biashara ya mifupa na ngozi inayozunguka vituo vya aina hiyo ndiyo inayompa jangili wa India soko.

Mengine ni ya utaratibu. Vibali vya India hutolewa kwa idadi maalumu kwa kila lango, na vya Aprili hadi Juni, miezi ya joto kali lakini ya kuona vizuri, huisha mapema. Weka nafasi miezi miwili au mitatu kabla. Jina kwenye kibali lifanane herufi kwa herufi na la pasipoti, na uwe na pasipoti halisi mkononi langoni. Mgeni hulipa zaidi ya Mhindi, kama ilivyo kwetu Serengeti, kwa hiyo uliza bei ya mgeni tangu mwanzo. Vaa nguo za rangi ya udongo, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na usimpe dereva bakshishi ili amsogelee mnyama. Mpe baada ya safari, kwa kuwa alikaa mbali.